Macho Niliyomficha Tasso

"Macho yako yalikuwa wapi, binti?"

Nilikuwa bado nahema, jasho limenichuruzika mpaka kwenye soksi, watu nje ya uzio bado wanapiga makofi, na mzee Burkhard ananiuliza habari za macho.

"Yapo usoni, mzee. Mawili. Yahesabu."

"Sitaniani na wewe. Mbwa alipokurukia, ulitazama wapi?"

"Nilimtazama yeye."

"Ulitazama nyasi, Fenna."

Nikanyamaza. Na mimi kunyamaza ni jambo la kuandikwa gazetini.

Naitwa Fenna, nina miaka arobaini na moja. Siku za kazi napanda kwenye mapaa ya watu kubandika vigae, na Jumatano na Jumamosi nang'atwa na mbwa. Kwa hiari yangu, usinionee huruma. Chama chetu cha mbwa wa ulinzi kiko Neuwarfen, Ostfriesland, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, nyuma kabisa ya tuta linalozuia bahari, pahala ambapo upepo ukitulia watu wanatoka nje kuuliza kuna nini. Mchezo wenyewe ni huu: mbwa anamtafuta mhalifu kwenye maficho sita ya turubai, akimpata anambwekea, mhalifu akikimbia au akivamia anamng'ata mkono, akiambiwa "achia" anaachia. Mhalifu ndiye mimi. Wenyewe wanatuita wasaidizi, jina la heshima la mtu anayeliwa. Navaa mkono mnene uliofunikwa gunia, nashika fimbo laini, napiga kelele kama nimechanganyikiwa. Mbwa akishinda, nauachia mkono uchomoke, anaondoka nao mdomoni kifua mbele mpaka kwenye gari. Kazi ya msaidizi ni kushindwa vizuri. Nilikuja kugundua kwamba kipaji hicho ninacho hata nje ya uwanja.

Wikiendi hiyo tulikuwa na semina ya siku mbili. Mzee Burkhard alikuja kutufundisha, mtu wa bonde la Ruhr, ameng'atwa miaka thelathini na tano, goti moja la chuma. Yeye ndiye angechagua mbwa wawili wa kukiwakilisha chama kwenye mashindano ya jimbo mwezi wa tisa. Walikuja mbwa kumi na wanne, lakini kila mtu alijua nafasi ya kwanza ina mwenyewe: Tasso, mchungaji wa Kijerumani, mweusi mgongoni, mali ya Eilert.

Eilert naye alikuwa mali yangu. Au niseme, ndivyo nilivyokuwa nimejiambia.

"Yule mbwa ni mpole," mzee Burkhard akasema, sauti ameishusha. "Si mbwa mbaya. Ila mtu akimjia uso kwa uso, anaogopa. Na wewe unajua. Unamwendea kwa mshazari, fimbo unaiinua ikiwa imeshachelewa, macho unayateremsha. Waliosimama pale wanaona vita. Mbwa anaona mchezo. Muda gani sasa?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili! Utapeli safi kabisa. Sijawahi kuona utapeli uliofanywa kwa upendo namna hiyo."

"Mzee, naomba..."

"Kesho saa nne asubuhi nauvaa mkono mimi."

"Na goti lako?"

"Goti langu halina macho ya kuteremsha. Mwambie mwenye mbwa leo. Bora asikie kwako kuliko aone kwangu mbele za watu."

Akaondoka anachechemea. Na nani anakuja mbio kutoka upande wa pili? Eilert mwenyewe, mashavu mekundu, Tasso ubavuni kwake na mkono wangu wa gunia mdomoni kama amebeba bibi harusi.

"Umemwona? Fenna, umemwona alivyoingia?"

"Nilikuwepo, Eilert. Mimi ndiye niliyeingiliwa."

Akacheka, akanishika bega. Halafu akasema kile anachosemaga kila mara:

"Theda angelia kwa furaha."

Theda alikuwa mkewe. Alifariki Tasso akiwa na miezi minane, maradhi ya damu, wiki sita tu toka hospitali mpaka makaburini. Siku ya kwanza Eilert anakuja chamani hakuwa anajua hata kushika kamba ya mbwa. Alisimama getini kwenye mvua, akasema, "Nilimwahidi mke wangu nitamfikisha huyu mbwa mashindano ya jimbo." Basi. Mwezi wa kwanza tu nikajua Tasso hafiki popote. Nilimjongelea hatua mbili, nikamtazama machoni, akaachia gunia akajificha nyuma ya miguu ya Eilert. Eilert alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba kwa mara ya pili. Nikasema, "Kosa langu, nimeteleza. Turudie." Tukarudia. Nikateremsha macho. Tasso akang'ata kama bingwa, na Eilert akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu mazishi, wote chamani walisema hivyo.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya tena Jumamosi iliyofuata.

* * *

Jikoni mwa klabu bibi Gretje alikuwa anamenya viazi vya saladi. Ana miaka sabini na mbili, mbwa wake alikufa zamani, lakini yeye hakuacha kuja. Anasema anakuja kwa ajili ya umbea.

"Una sura ya kunyeshewa, na leo jua linawaka," akaniambia. "Shika kisu hapo. Maboksi yamefika wapi?"

"Yote yako kwenye gari. Nyumba namrudishia mwenyewe kesho asubuhi. Kesho jioni semina ikiisha, nahamia kwa Eilert."

"Amekutolea nafasi, au utalala kwenye kibanda cha mbwa?"

Nikamwonyesha simu. Ujumbe wa asubuhi:

*"Nimekutolea rafu mbili bafuni na nimepigilia msumari mpya mlangoni wa kutundikia koti lako. E."*

"Rafu mbili na msumari," Gretje akasema. "Malenga wa mapenzi huyo. Na lile koti la mvua la Theda, la njano?"

"Bado lipo. Msumari wangu uko pembeni yake."

Kisu chake kikasimama kidogo, kikaendelea.

"Gretje, nina jambo la kumwambia leo. Akilisikia, atanifukuza na maboksi yangu."

"Una mwanaume mwingine?"

"Ningekuwa na nguvu hiyo! Nang'atwa mara mbili kwa wiki."

"Basi mwambie. Ukifukuzwa, juu kwangu kuna chumba. Dari inavuja, lakini nasikia kuna fundi wa mapaa anatafuta nyumba."

* * *

Saa kumi jioni nilikuwa mezani kwa Eilert. Huku kwetu chai ni vikombe vitatu, na haina haraka. Jiwe la sukari kwanza, chai ya moto juu yake mpaka lilie kwa kupasuka, kisha tone la krimu, na usikoroge. Kijiko kina kazi moja tu: ukikiweka ndani ya kikombe, maana yake umetosheka, asante. Usipokiweka, utamiminiwa mpaka upasuke wewe.

Tasso alilala chini ya meza, kichwa juu ya kiatu changu. Nilikunywa kikombe cha kwanza chote.

"Leo umekuwa bubu," Eilert akasema, akinimiminia cha pili. "Burkhard kakwambia nini?"

"Eilert, Tasso ni mwoga."

Chai ikaendelea kumiminika, taratibu, haikutikisika.

"Nimekudanganya miaka miwili," nikaendelea, maneno yanakimbizana. "Hajawahi kupigana na mimi kweli, hata siku moja. Namkwepesha. Simtazami machoni. Ningemtazama angekimbia. Nilifanya hivyo kwa sababu... wewe ulikuwa unatabasamu, na mimi nilikuwa nimeshapotea. Kesho Burkhard atavaa mkono mwenyewe na kila mtu ataona. Nisamehe. Nitukane ukitaka, ila sema kitu."

Akaweka birika juu ya kikanza chake chenye mshumaa. Akaliweka sawa.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba unateremsha macho."

Hapo nilihisi kama nimekanyaga kigae kilicholegea, ghorofa ya tatu.

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba ile ya kwanza. Nilikuwa narekodi kila zoezi kwa simu, jioni naangalia. Fenna, mimi ni mpima macho. Mkate wangu ni kujua mtu anatazama wapi."

Ni kweli. Duka lake la miwani liko mkabala na kanisa. Nusu ya wilaya inasoma kwa miwani aliyoipima yeye, na mimi nilidhani namficha macho yangu!

"Na hukusema kitu."

"Ningesema, ungeacha."

"Ningeacha ndiyo! Tungemwacha mbwa apumzike!"

"Ndiyo maana sikusema."

Chini ya meza Tasso alihema kwa nguvu, kama mzee. Nikamwuliza Eilert kesho tunafanyaje. Alikuwa na jibu tayari, na hilo ndilo lililonitisha.

"Asubuhi nitamwambia Burkhard kwamba Tasso anachechemea. Ametuona leo, ataandika jina letu. Mwezi wa tisa kwenye mashindano, msaidizi wa uwanjani ni wewe. Si wamekuthibitisha wiki iliyopita? Basi. Itakuwa kama Jumamosi yoyote."

"Ule mtihani wa wasaidizi wa jimbo," nikasema polepole. "Mimi sikuutaka. Nani alinisukuma nikaufanye?"

"Mimi."

"Ulinipeleka mwenyewe na gari. Ulinibebea mayai ya kuchemsha na mkate. Nilidhani unajivunia mimi."

"Nilikuwa najivunia pia."

Umelisikia hilo "pia"? Mimi nililisikia mpaka kwenye mifupa.

"Eilert. Niangalie. Kama Tasso asingekuwepo, ungenitolea zile rafu?"

Angeweza kudanganya. Mimi kwenye nafasi yake ningedanganya, nina uzoefu wa miaka miwili. Lakini yeye alifikiria kweli, amekunja paji la uso kama anasoma herufi za chini kabisa kwenye ubao wa duka lake.

"Sijui, Fenna," akasema. "Sijawahi kukutazama bila mbwa katikati yetu."

Nikauvuta mguu wangu taratibu chini ya kichwa cha Tasso. Mlangoni koti langu lilikuwa kwenye msumari mpya, limegusana mkono na lile la njano. Nikalitoa. Kikombe changu cha pili nilikiacha kimejaa, kijiko kando, hata adabu ya kuaga ilinishinda.

* * *

Jumapili saa moja asubuhi simu ikalia. Ujumbe:

*"Tasso anachechemea. Nimeshamwambia Burkhard. Asante kwa kunielewa. Jioni tupandishe maboksi pamoja. E."*

Nikajibu:

*"Mguu gani?"*

*"Wa nyuma, wa kulia."*

Nilifika uwanjani saa tatu na nusu, nikaegesha gari langu la kazi karibu na geti, nikafungua mlango wa nyuma nitoe vifaa. Watu walikuwa wamejaa kando ya uzio, vikombe mkononi. Mzee Burkhard anamkagua Tasso, Eilert kasimama kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Mguu wa nyuma wa kulia, sio?" Burkhard akauliza.

"Ndiyo. Tangu jana usiku."

Tasso, Mungu amlinde, akaliendea ficho la kwanza, akainua mguu wa nyuma wa kushoto juu kabisa, akasimama kwenye ule wa kulia kama nguzo ya umeme, akakojoa mkojo mrefu wa raha zake. Uzio mzima ulicheka. Bibi Gretje alicheka mpaka chai ikamwagika. Hata mimi nilicheka, halafu nikamwona Eilert, nikaacha.

"Amepona," Burkhard akasema. "Leteni mkono."

Alipoinama kuuvaa, goti lake lililia kama mlango wa ghala. Nilijua atakavyofanya. Namfahamu mtu wa aina hiyo: si katili, lakini haulizi. Angemwendea Tasso kama treni. Nikajiona nimeshavuka uzio.

"Nipe mimi, mzee."

"Kwa macho gani?"

"Yangu."

Akanitazama kitambo, akanipa. Sikufanya kwa ushujaa, usinipambe. Nilifikiri tu kwamba kama mtoto lazima aambiwe ukweli, aambiwe na mtu anayempenda.

Nikapita mbele ya Eilert nikielekea mwisho wa uwanja. Alikuwa amemshika Tasso kwenye mkanda wa shingo. Midomo haikusogea sana.

"Fenna. Kama kawaida. Tafadhali."

Nikaendelea kutembea. Zoezi ni lile la mbali: mimi natokea mwisho wa uwanja nakuja mbio napiga kelele, mbwa anaachiwa kutoka upande wa pili, tunakutana katikati. Nikakimbia. Safari hii sikukimbia kwa mshazari. Fimbo juu mapema. Na macho yangu nikayaweka kwenye macho yake, ya rangi ya asali iliyoungua. Miaka miwili nimeng'atwa na huyu mbwa, nilikuwa sijui rangi ya macho yake.

Alinirukia. Alikuwa na imani na mimi, ndiyo maana aliruka. Akang'ata mdomo mzima, kilo thelathini na sita zikaning'inia mkononi. Nikamsukuma nikienda mbele, namtazama tu. Msaidizi anamsoma mbwa kwa mkono kama mama anavyopapasa paji la mtoto mwenye homa. Mdomo mzima. Hatua tatu, nusu mdomo. Hatua mbili, meno ya mbele tu, yanatetemeka kwenye gunia.

Kisha uzito ukaondoka.

Akasimama mita mbili kutoka kwangu, masikio nyuma, akinitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa. Tasso akageuka kumtafuta Eilert.

Eilert alikuwa anatazama nyasi.

Basi mbwa akakimbia. Alipita pembeni ya Eilert bila kusimama, akatoka getini, akaruka kwenye gari langu lililokuwa wazi, akajichimbia katikati ya maboksi yangu.

* * *

Mimi nilifika wa kwanza, mkono wa gunia bado nimeuvaa. Eilert alikuja nyuma yangu. Wengine walikuwa na heshima ya kubaki kule, isipokuwa Gretje aliyejifanya anafunga geti.

"Umeridhika?" Eilert akaniuliza. "Umemwaibisha Theda mbele ya watu."

"Theda alikwambia nini hasa, siku ile hospitalini?"

"Unajua alichosema."

"Najua ulichoniambia wewe. Yeye alisema nini? Maneno yake."

Alianza kukwangua gundi ya boksi langu la vyombo kwa ukucha.

"Alisema, 'Nitunzie Tasso.'"

"Halafu?"

"Halafu alilala."

"Mashindano aliyataja?"

"Tulikuwa tumeyazungumza zamani. Alipomnunua. Kwa utani utani."

"Eilert."

"Hakuyataja." Gundi ikang'oka yote. "Hakuyataja, sawa? Alisema nitunzie, akalala, na mimi nikarudi nyumbani na mbwa, na hakukuwa na kitu cha kufanya. Unaelewa? Hakukuwa na kitu cha kufanya na mikono hii. Nikatafuta kitu kirefu. Kitu kisichoisha haraka."

Ningeweza kumkumbatia. Mikono yote ilinijaa hamu hiyo, hata ule wa gunia.

"Na mimi nikakirefusha," nikasema. "Sikukudanganya wewe tu. Nilimdanganya na yeye. Alidhani dunia nzima inateremsha macho."

"Tasso, njoo," Eilert akaita. Tasso hakutoka. "Tasso! Njoo!"

"Usimwite kwa sauti hiyo. Ingia."

"Niingie wapi, humo?"

"Humo. Mtu mzima ana magoti."

Akaingia akitambaa, shati safi la Jumapili na kila kitu, mpaka kati ya boksi la mashuka na lile la mabuti yangu ya kazi. Nikasikia Tasso akihema. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia miaka miwili yote: Eilert akilia. Analia kwa sauti, kama mtu anayetapika, na jina alilokuwa akilitaja halikuwa langu.

Nikafunga mlango nusu, upepo usiwapige.

Mzee Burkhard alinikuta nimekaa kwenye bampa.

"Nimeandika ripoti," akasema. "Mbwa mzuri wa kunusa. Mbwa mzuri wa nyumbani. Uwanja wa kupigana, hapana."

"Na mimi?"

"Wewe nimekuandika msaidizi bora niliyemwona mwaka huu. Jana ningekuandika vingine."

"Mbona sina raha, mzee?"

"Nani alikwambia ina raha?" Akanipa sandwichi ya soseji, akaenda zake.

* * *

Semina ilifungwa saa tisa kwa chai na keki za Gretje, kama kawaida. Waliochaguliwa walikuwa wengine, na walifurahi kwa sauti ya chini, kwa ajili yetu. Mimi nilikaa meza ya dirishani. Kikombe cha kwanza Gretje alinimiminia. Cha pili pia, na alipopita aliniachia ufunguo chini ya kisosi bila kusema kitu, mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza tangu ukuta wa Berlin uanguke.

Cha tatu birika lilikuja mkononi mwa Eilert. Macho yamevimba, unywele mmoja wa mbwa kwenye ndevu. Akakaa mbele yangu.

"Amekubali kuingia gari langu," akasema.

"Vizuri."

"Nimeacha. Nimemwambia mwenyekiti. Tutakuwa tunatembea kwenye tuta tu, asubuhi na jioni."

"Atapenda. Mwachie anuse anavyotaka, usimvute."

"Fenna." Alilishika birika kwa mikono miwili. "Nitaliondoa lile koti. Leo hii nikifika."

"Usiliondoe kwa ajili yangu."

"Maboksi bado yako kwenye gari. Rafu bado ziko tupu. Ulitaka nikutazame bila mbwa katikati. Nipe nafasi."

"Haya," nikasema. "Nitazame."

Akanitazama. Nami nikamtazama, sikuyateremsha. Alijaribu, nitamtolea ushahidi hata mbinguni. Alikuwa anajaribu kwa nguvu zake zote, kama Tasso kwenye gunia. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Kwenye nne macho yake yalitetereka. Kwenye tano yalikwenda dirishani, kule alikoegesha gari, kuangalia kama mbwa wa Theda ametulia.

Alipoyarudisha alijua nimeona. Mpima macho.

"Samahani," akanong'ona. "Labda baadaye. Labda baada ya muda..."

Akainua birika kunimiminia.

Nikachukua kijiko changu pembeni ya kisosi, nikakiweka ndani ya kikombe.

Kililia kidogo tu, *ting*. Birika likabaki hewani. Eilert amezaliwa vijiji viwili kutoka hapa, na mtu wa huku hamimini juu ya kijiko, wala haulizi mara mbili. Alilirudisha birika juu ya mshumaa, taratibu, akaligeuza mdomo usinielekee.

"Chai ilikuwa nzuri," nikamwambia.

"Gretje ndiye aliyepika," akasema.

Nikachukua ufunguo, nikatoka.

Gari lake lilikuwa pembeni ya langu. Tasso alikaa nyuma ya kioo. Aliponiona akaganda, masikio nyuma, macho yale ya asali yananiuliza mimi ni Fenna yupi, wa Jumamosi au wa leo. Nilisimama pale na nyumba yangu yote kwenye maboksi, nikatamani mtu mmoja duniani aniulize swali hilo hilo.

Halafu nikateremsha macho. Nikatazama nyasi, kwa mara ya mwisho, kwa ajili yake yeye tu. Nikasikia mkia wake ukigonga kiti: du, du, du. Nikaondoka kabla haujaacha.